MZIKI MNENE KWENYE BAJAJI: NACHINGWEA NA RUANGWA TUNACHEZA NA WAYA, MASIKIO NA SHERIA

Leo naomba tuiache pembeni ile siasa ya juu juu, tuongelee kitu ambacho kila mtu hapa kwetu anakisikia, tena anakisikia hata akiwa hataki. Mziki wa kwenye vyombo vya moto. Bajaji, bodaboda, Noah za kwenda vijijini, na yale magari ya matangazo yenye spika za pembe juu ya keria. Ukikaa stendi Nachingwea nusu saa tu utadhani kuna tamasha, kumbe ni bajaji tatu zinagombea abiria mmoja mwenye gunia la mihogo!

Wengine watasema hii sio habari. Mimi nasema ni habari, tena kubwa, kwa sababu ndani yake mna ajira za vijana waliomaliza fomu foo, mna moto unaoweza kuunguza chombo cha mkopo, mna masikio ya madereva, na mna sheria ambayo karibu kila mtu anaivunja kila siku. Kitu kikiwa na mambo manne namna hiyo halafu hakuna anayekijadili, basi kuna tatizo.

Tuanze na ufundi, maana watu wengi wanaongea juu ya kelele bila kujua zinavyotengenezwa.

Kufunga mziki kwenye bajaji hakufanani na kufunga kwenye gari la kawaida. Kunafanana na kufunga kwenye boti. Najua msomaji wa Dar anacheka, boti gani Ruangwa wakati bahari iko Lindi? Subiri kwanza. Gari la kawaida lina milango na vioo. Ule uwazi mdogo wa ndani unaisaidia besi, unaibana, unairudisha, ndio maana sabufa moja tu ya kawaida inakutikisa kifua. Boti ya wazi haina kitu hicho. Sauti inatoka inaenda zake hewani, upepo unaichukua, na injini inapiga kelele nyuma. Bajaji ni hivyo hivyo, bodaboda ndio kabisaaa. Nje ya nyumba, kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika unapoteza kama desibeli 6. Besi ndiyo ya kwanza kupotea, zinabaki zile twita zinazotoboa masikio.

Sasa dereva akiona besi haipo anafanyaje? Anaongeza sauti. Hapo ndipo amplifaya inapofika mwisho wa nguvu zake na kuanza kukata vichwa vya mawimbi, mziki unakuwa unakwaruza, twita zinaungua, halafu lawama anabebeshwa Mchina aliyetengeneza spika. Kumbe hesabu ndiyo mbaya. Ukitaka kuongeza desibeli 3 tu lazima uzidishe nguvu mara mbili. Na ili sikio la binadamu lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Mara KUMI. Bajaji itazitoa wapi?

Boksi limeandikwa wati 3,000 kwa maandishi ya dhahabu. Hizo wati ni za kuuzia. Kuna njia rahisi ya kumbaini muongo, na haihitaji diploma. Geuza amplifaya, angalia fyuzi iliyokuja nayo kiwandani. Ikiwa ni ya ampea 20, zidisha kwa volti 12, unapata wati 240. Hata ukipiga kwa volti 14, pale injini inapounguruma na kuchaji, unapata 280. Hizo ndizo zinazoingia. Kwa amplifaya za mtindo wa zamani karibu nusu inageuka joto, kwa hiyo kinachofika kwenye spika ni kama wati 120 au 150. Zile za kisasa za daraja D zinapoteza kidogo, lakini hakuna mashine duniani inayotoa zaidi ya inachopewa. 3,000 imetoka wapi? Imetoka kwa mchora maboksi.

Na hizo 240 zenyewe ni mzigo mzito kwa chombo kidogo. Umeme wa pikipiki ulipangwa uwashe taa, honi, plagi na kuchaji kabetri kake. Ndio maana bodaboda nyingi zenye mziki mnene taa ya mbele inapumua, inafifia kila ngoma ikipigwa. Watu wanaona ni mbwembwe. Sio mbwembwe, ni umeme umekwisha! Usiku, kwenye barabara ya vumbi, na wewe ni abiria umempakata mtoto. Fikiria.

Kwenye boti wenzetu walishajifunza kwa uchungu, kwa sababu boti ikizima betri katikati ya maji hakuna wa kuisukuma. Kwa hiyo wanaweka betri mbili, moja ya kuwashia injini haiguswi na mziki hata kidogo, nyingine ya starehe. Katikati wanaweka rilei ya kuzitenganisha, injini ikiwaka zinachajiwa zote, ikizima kila mmoja na wake. Hii ndiyo dawa hasa ya gari la matangazo la kwetu. Gari linakaa mnadani toka asubuhi, injini imezimwa kuokoa mafuta, spika zinanguruma, saa kumi jioni mnaanza kuitana mje msukume. Betri ya pili na rilei vingemaliza kabisa hadithi hiyo.

Jambo lingine la boti ni fyuzi. Mafundi wa boti wa Marekani wana kanuni ya msingi kwamba fyuzi ya waya mkuu ikae ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri, yaani kama sentimita 18. Kwa nini karibu hivyo? Kwa sababu fyuzi inalinda waya ulio mbele yake. Ukiiweka kule kwenye amplifaya, waya wote kutoka betri mpaka pale hauna mlinzi, na ukichubuka sehemu ukagusa bodi, unageuka kuwa hita. Sasa nenda kaangalie bajaji za kwetu. Nimechungulia nyingi. Waya umetoka moja kwa moja kwenye betri, hauna fyuzi popote, umepita kwenye ukingo mkali wa bati bila hata kupigwa tepu, unatikisika na makorongo kutwa nzima, na injini yenyewe ya petroli iko hapo hapo nyuma ya mgongo wa abiria. Wengine fyuzi ikiungua wanaweka kipande cha waya au karatasi ya sigara, wanasema "inakata kata ovyo". Ndugu yangu, haikati ovyo, inakuamsha!

Halafu kuna huu utapeli wa waya, hapa naomba mnisikilize vizuri. Waya mwingi mnene unaouzwa kwa bei chee ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, kwa hiyo waya unaouona mnene ni mwembamba kwa kazi. Unapata moto, na kwenye maungio unaoza. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, umepigwa. Waya wa boti ule halisi ni kinyume chake, mweupe juu kwa sababu shaba imepakwa bati ili chumvi isiile, ukikwangua unakuta wekundu. Kwa hiyo rangi ya nje isikudanganye upande wowote. Sisi hatuna chumvi ya bahari lakini tuna vumbi jekundu kiangazi na tope la masika. Spika yenye koni ya karatasi iliyofungwa nje ya bajaji ikipita masika mbili ikiwa bado inaimba, mwenye nayo akatoe sadaka. Koni ya plastiki inavumilia zaidi.

Mtu atasema fundi wetu hajui. Sikubali moja kwa moja. Nachingwea ni mji wa ubunifu wa mashine tangu zamani. Wakati wa mradi wa karanga wa Mwingereza, ulioanza 1947 na kufikia 1951 serikali yao ikawa imeshakubali umeshindwa, walileta Tanganyika matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, vifaru vya Sherman vikavuliwa mizinga vikapewa kazi ya kung'oa visiki. Reli ya kutoka Mtwara mpaka Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo kila kitu kwetu kinategemea gari na barabara. Kwa hiyo fundi wa kwetu anayechukua redio ya gari lililokufa na kuifunga kwenye pikipiki ana ukoo mrefu. Anachokosa ni mita, vipimo na mtu wa kumwonyesha. Ruangwa kuna chuo cha VETA cha wilaya. Kozi fupi ya wiki mbili ya umeme wa volti 12, fyuzi, unene wa waya, betri mbili na kusoma mita, ingejaa siku ya kwanza, hasa ikipangwa kabla ya msimu wa korosho.

Maana msimu ndio unaoendesha biashara hii. Oktoba mpaka Desemba minada ya RUNALI ikianza, mkwanja ukiingia kwa wakulima, utaona bajaji mpya, pikipiki mpya, na mtu akishanunua pikipiki kinachofuata ni mziki. Mwaka ambao malipo yanachelewa, kama ilivyokuwa msimu wa 2018 pale serikali ilipotangaza inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kubeba, fundi redio naye anakaa anapiga miayo. Kabla ya hapo, miezi ya kiangazi baada ya mavuno, kuna unyago. Siku hizi ngoma peke yake haitoshi, lazima spika za kukodi, mpaka asubuhi. Na Ruangwa kuna siku za Namungo. Tangu timu ipande Ligi Kuu msimu wa 2019/20, siku ya mechi ya nyumbani pale Uwanja wa Majaliwa kila chombo chenye spika kina kazi ya kufanya. Sitaki kuwa mnafiki, siku Namungo walipoingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, kelele zile hata mimi nilizipenda.

Twende kwenye masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa usikilizaji salama. Sauti ya desibeli 80, mtu mzima asikilize kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, dakika 20. Kwa WIKI, sio kwa siku! Sasa dereva wa bajaji anakaa kwenye chombo toka alfajiri mpaka usiku, spika imefungwa nyuma ya kisogo chake kwa kuwa ndiko nafasi ilipo, siku sita au saba. Sauti ikiwa ya 90 tu, mgawo wake wa wiki umeisha Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Hakuna wa kumlipa fidia, hana mwajiri, au mwajiri wake ni tajiri mwenye bajaji anayetaka hesabu ya jioni tu. Na huyo tajiri mara nyingi ndiye aliyesema "weka mziki upate abiria".

Abiria yeye anashuka. Dereva habanduki. Lakini abiria naye ana hasara yake, maana dereva asiyesikia honi ya lori la nyuma ni hatari kwa wote waliopanda.

Na sheria je? Sheria ipo, na hapa ndipo nitakapowaudhi wengine. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni zake za udhibiti wa kelele na mitetemo za 2015. Kwa nyumba za makazi zimewekwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Maeneo yaliyochanganyika, makazi na biashara, 55 mchana na 45 usiku. Mchana ni kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini watu wawili wakiongea kawaida wakiwa mita moja wanafika kama 60! Bajaji yenyewe bila redio, injini tu ikipita, imeshavuka. Kwa hiyo kwa kipimo cha karatasi, kila dereva ni mkosaji toka anapopiga starti.

Sheria ambayo kila mtu anaivunja haimzuii mtu yeyote. Inakuwa ni rungu la kuchagua. Leo anakamatwa huyu kwa sababu ana mziki, yule mwenye mziki mkubwa zaidi anapita kwa sababu amebeba tangazo la mkubwa fulani. Na mkosaji asiyejua amezidisha kiasi gani hawezi kubisha, anachoweza ni kuongea pembeni. Mnaelewa nikisema pembeni.

Tena kupima kelele kunahitaji kifaa. Ofisi ya kanda ya mamlaka ya mazingira iko Mtwara, huwezi kumtoa mtu kule aje apime bajaji moja Ruangwa. Sheria ile ile ya 2004 inataka halmashauri ziwe na maofisa wao wa mazingira. Swali langu ni dogo: wana mita ya kelele? Na kama wanayo, imewahi kutoka ofisini ikaenda stendi?

Kenya walijaribu njia ya marufuku. Waziri John Michuki, kanuni zake zikaanza Februari 2004, akataka matatu ziwe na mstari wa njano, mikanda, vidhibiti mwendo, na mziki wa fujo ukome. Nchi ikashtuka, zikakaa barabarani kimya kama gari za msiba. Baada ya muda mziki ukarudi, michoro ikarudi, na mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akawatetea vijana wa michoro. Kilichodumu zaidi ni mstari wa njano, kwa sababu hauna gharama kwa biashara. Mziki ulirudi kwa sababu kijana wa Nairobi anaiacha gari tupu ipite akisubiri nganya yenye mziki. Soko lilishinda.

Sasa kwetu ni tofauti kidogo na hapo ndipo naona nafasi. Hapa Nachingwea nani anayeacha bajaji kwa sababu haina mziki? Wanafunzi labda, na masela wachache Ijumaa jioni. Mama anayetoka hospitali, mzee anayetoka kikao cha AMCOS, mwalimu, hao wangelipa hata zaidi kidogo kwa ukimya. Madereva wanashindana wao kwa wao, abiria hata hajaulizwa. Kwa hiyo chama cha madereva cha stendi kikikaa kikakubaliana mziki unazimwa ukikaribia hospitali na shule, unapungua baada ya saa 4 usiku, na spika ya nyuma haielekezwi kisogoni kwa dereva, hakuna atakayepoteza abiria, kwa sababu wote wamepunguza pamoja. Haihitaji waziri.

Gari za matangazo ni habari nyingine, hizo sitaki ziguswe kirahisi. Kwenye kampeni za 2025, kuanzia 28 Agosti mpaka 28 Oktoba, zilikuwa na kanuni iliyoeleweka na kila mtu: mwisho saa 12 jioni. Hakuna aliyehitaji mita, saa ya mkononi ilitosha! Halafu 29 Oktoba intaneti ikazimwa nchi nzima, siku kadhaa, sisi wa mtandaoni tukawa mabubu. Siku kama hizo, na siku za mafuriko au kipindupindu, spika juu ya gari ndiyo inayoweza kufika kijijini kusema kitu. Ndio maana naona kanuni ya saa ni bora kuliko kanuni ya desibeli kwa wilaya zisizo na vipimo. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Waandike saa, waandike umbali kutoka hospitali na shule, waandike fyuzi iwe lazima kwenye chombo cha abiria kinachofungwa mziki. Askari na dereva wote wawili wanaweza kuangalia saa na wanaweza kuangalia fyuzi, hakuna cha kubishania.

Mwenye kujua kama halmashauri ya Nachingwea au ya Ruangwa ina kipimo cha kelele, aweke jibu hapo chini, na aseme kilitumika lini mara ya mwisho. Na mafundi mlioko mtaani, tuambieni mnaweka fyuzi ya ampea ngapi kwenye bajaji, na mnaiweka wapi.